Kura ya Gilasi za Chai

Mwaka ule tulipopata nchi yetu, pale mtaani kwetu Sherikat tulipigia kura kila kitu. Tulikuwa tumekuwa huru juzi tu, tukadhani ndivyo mambo yanavyoenda. Kibanda kilikuwa cha mama mmoja muuza chai, na sisi wa bodaboda tulikaa kwenye bambar zake, vile vigoda vya kamba. Ukikubali hoja, unamaliza chai na kufunika gilasi mezani. Ukikataa, unaiacha wima.

Mimi ndiye nilikuwa spika. Nilisoma kambini Kakuma, ukimbizini, mpaka darasa la nane, basi, lakini mdomo ulikuwa na digrii. Tulipigia kura sukari, tukapigia kura marefa, tukamfukuza waziri mara mbili kwa wiki. Mama alikuwa na kura moja kama sisi. Akishindwa anatutukana halafu anatii: "Haya, wezi nyinyi, vijiko vitatu!"

Kisha vita vikaanza. Redio ikatangaza hali ya hatari, kafyu, na watu wasikusanyike. Kuja tulikuja bado, ila stori zikawa za mpira na mvua. Ule ukimya uliniwasha kama upupu.

Asubuhi moja nikagonga gilasi kwa kijiko. "Waheshimiwa! Hoja ni hii: kafyu iende kwao ikalale, sisi tukeshe!"

Rafiki yangu kando akaninong'oneza, "Manze, nyamaza."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Ya weled, kijana wewe, utaniua!" Akawa wa kwanza kufunika gilasi. Wengine wakafuata, ko, ko, ko.

Moja ikabaki wima. Ilikuwa ya mwanamume mwenye shati safi, hatukumjua. Na mimi, bila akili, nikamchokoza: "Mheshimiwa wa upinzani, mbona? Unaogopa bibi nyumbani?"

Hakucheka. Alisimama akauliza, "Hizi gilasi ni za nani?"

Hakuuliza kura imeitwa na nani. Aliuliza gilasi.

"Zangu," mama akasema.

"Na hivi viti?"

"Vyangu."

Akapiga simu. Gari likaja, wakampandisha mama. Nilikuwa nimekaa karibu hivi kwamba ningeweza kushika nguo yake. Sikushika. Ule mdomo wenye digrii ulikauka kabisa.

Tukaanza kunywa chai kwingine, haikunyweka. Kila asubuhi nilipitia pale, nikakuta jiko baridi. Kanisani nilimwombea, lakini hata Mungu nilimwongelesha kwa sauti ya chini, nikiangalia nani amekaa nyuma yangu.

Halafu siku moja nikaona moshi. Mama alikuwa amerudi, amekonda. Bambar hakuna, meza hakuna.

"Sasa mnakunywa mmesimama," aliniambia. "Ukimaliza, unanipa gilasi mkononi, unaenda."

"Mama," nikasema, "kura ile niliita mimi."

"Kwani mimi ni kiziwi? Huko waliniuliza spika ni nani."

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia spika ni mimi."

Akanimiminia chai, akaweka vijiko vitatu bila kumuuliza mtu. Nilitafuta utani, hata mmoja mdogo, nikaukosa. Nikanywa nimesimama, na ilikuwa tamu mno. Nilipomaliza nilimpa gilasi mkononi, wima.