Chumvi iliyowahamisha wateja wa Gladness

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Gladness Malimi anainamia sufuria la samaki aina ya sato kwenye kibanda chake cha mama lishe, Igoma. Anachota mchuzi kwa mwiko, anaudondoshea kwenye kiganja cha kushoto, anaulamba. Kisha anatupa jicho ng'ambo ya barabara, kwa Evelina Odoyo, ambaye naye anapika sato.

"Leo atanitambua," anasema, akikamua ndimu.

Gladness, mwenye miaka 47, hafichi kwamba ana wivu. Amekuwa nao tangu Evelina, miaka 31, alipoweka meza hapo miaka miwili iliyopita. Na wivu huo nusura umpeleke kaburini.

Anaishi na virusi vya Ukimwi mwaka wa kumi na moja sasa. Alimeza dawa bila kukosa, alinawiri, na aliuza sahani sitini kwa siku kwa mafundi wa gereji. Alipokuja Evelina, siku ya kliniki ikawa mtihani.

"Nikifunga siku moja, mafundi wanavuka. Wakivuka wataonja. Je, wakipenda? Nikasema kliniki nitakwenda wiki ijayo."

Wiki ijayo hiyo ikawa miezi minne bila dawa.

Mdomo ukaanza kuwaka. Utando mweupe kama maziwa yaliyoganda ukatanda ulimini na ndani ya mashavu, na kumeza ugali ikawa adhabu. Gladness alisukutua kwa maji ya vuguvugu, akasingizia jua. Kumbe ilikuwa fangasi ya mdomoni, ambayo hupata nafasi kinga ya mwili inapodhoofu. Ladha ikampotea kidogo kidogo, naye asijue.

Mkono haukuacha mazoea. Alilamba kiganja, akaona mchuzi umepooza, akaongeza chumvi. Akalamba tena, akaongeza tena.

Ngosha, fundi wa kuchomelea aliyekula kwake miaka sita, alikuwa wa kwanza kuvuka barabara. "Yule ni kama mama yangu. Ningemwambiaje chakula hakiliki? Nikasingizia tumbo," anasema.

Sahani sitini zikashuka hadi kumi na mbili. Gladness alikuwa na jibu moja tu: Evelina amekwenda kwa mganga. Roho ikamuuma hata moshi wa jiko la mwenzake ukawa unamkera. Asubuhi moja akavuka kwenda kumpasha mbele ya wateja.

"Shikamoo, mama," Evelina akamwamkia. Badala ya marahaba akapokea matusi.

"Alinitukana mpaka nikauona ulimi wake," Evelina anakumbuka. "Nilimuuguza marehemu mama kule Shirati, ule weupe naujua. Nikamvuta pembeni, nikamwambia: mama, nitukane utakavyo, lakini huo mdomo unaumwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Gladness alirudi kibandani akilia kwa hasira. "Wateja kachukua. Halafu hata ugonjwa wangu aujue yeye kwanza!"

Kesho yake alikwenda kituo cha afya. Alipimwa, akapewa dawa ya fangasi, kisha akarudishwa kwenye dawa za kufubaza virusi. Siku ya tisa alilamba kiganja kama kawaida yake, akatema.

"Chumvi tupu! Nikakaa chini. Sikunyang'anywa mtu. Niliwafukuza kwa mkono wangu mwenyewe."

Sasa anauza sahani arobaini. Siku za kliniki, anayemwangalizia sufuria ni Evelina. Mwezi uliopita Gladness aliporudi alimkuta Ngosha kibandani akilamba vidole. "Mama, leo sato umempatia!" akamsifu.

Gladness alimshukuru. Moyoni aliungua, maana sato yule alikuwa ameungwa na Evelina.

Kwa hiyo amepanga. Mwezi ujao ataamka mapema zaidi, aunge sato mwenyewe kabla ya kuondoka, Evelina abaki kupakua tu.

"Kliniki sikosi tena, hata inyeshe vipi. Na huyo mtoto kaniokoa, Mungu ambariki," anasema, akiulamba mchuzi kiganjani. "Lakini chumvi ya sufuria langu nitatia mimi."