Pa Kumlaza Mzee Ulrich

Gaudensia ni Mhaya wa Muleba, na kwao mtu huzikwa nyumbani, migombani, si popote tu. Ndiyo maana alielewana upesi na Mzee Ulrich, Mjamaika mweupe wa miaka themanini na minane aliyekuwa akimhudumia huko Walthamstow, London.

"Mababu zangu Wajerumani waliletwa Jamaika kwa meli, wakapelekwa milimani, wameahidiwa nyumba na mashamba," mzee alisimulia kila akiogeshwa. "Wakakuta pori. Homa ikawafyeka." Waliobaki walilima ndizi na tangawizi, wakaoana wao kwa wao. Kijerumani kikafa, vijana wakahamia Kanada, yeye akaja London kuendesha basi. "Mimi nirudishwe nilazwe kwa mama," alimalizia.

Mkewe alizikwa hapo hapo Walthamstow, na kaburi lake lilibakiza nafasi ya mtu mmoja, aliyowekewa mzee.

Mwezi wa tatu Lilian, mpwa wa mzee, alipiga simu kutoka Toronto. Mzee alikuwa usingizini, akapokea Gaudensia. Shamba la ukoo kule Jamaika limeuzwa, makaburi yamepitiwa na tingatinga, la mama yake mzee likiwemo, halikubaki hata jiwe. "Mwambie taratibu," Lilian akasihi.

Amwambie! Kwao nani humpa mgonjwa habari ya msiba? Mgonjwa huambiwa atapona, basi. Mzee alipoamka akauliza nani kapiga.

"Lilian anakusalimu, Babu. Nyumbani kwema."

Kwema! Jamani, Gaudensia! Wiki ileile shemeji wa mzee, dada wa marehemu mkewe, aliyekuwa akiugua saratani, akaomba ile nafasi. Mzee akatia saini, Gaudensia kasimama pale pale. "Mpeni," alisema. "Mimi nina kwetu." Gaudensia akaona haya kukiri uongo wake, akajiambia atasema kesho. Kesho ikazaa kesho, na mwezi wa tano shemeji akazikwa.

Mwezi wa sita Lilian alikuja kumwona mjomba wake. Akidhani mzee anajua, akampa pole ya makaburi.

Gaudensia alikuwa amepiga magoti, anamkata mzee kucha za miguu. Mzee hakufoka. Heri angefoka.

"Siku ile natia saini, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Babu."

Akauvuta mguu wake taratibu. "Basi niambie wewe. Nizikwe wapi?"

Gaudensia akaangua kilio. Cha nini sasa? Hapa pamejaa, kule pamesawazishwa, na mzee bado alikuwa akimtazama, anangoja jibu.