Futari ya Shangazi

Baba alipofariki, shangazi alifungua shauri la mirathi mahakamani, na mimi nikaacha kumwamkia. Tulipishana sokoni Ujiji nikamtazama kama nguzo ya umeme. Sijivunii hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, mwanamke wa sala tano asiyefanya mzaha na dini yake. Baba alizaliwa Mwislamu kama yeye. Akaja kumwoa mama, Mkristo ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, kwa ndoa ya bomani, na mimi na kaka yangu tukabatizwa. Kazi ya baba ilikuwa kutengeneza injini za boti. Alizikwa Kiislamu kwa sababu shangazi alifika na sanda wakati sisi bado tunalia.

Dai lake lilikuwa fupi. Marehemu ni Mwislamu, kwa hiyo mirathi igawanywe kwa sheria ya dini, na kwa sheria hiyo mke na watoto wasio Waislamu hawarithi. Ndugu mwingine baba hakuwa naye, hivyo nyumba yetu ingekuwa ya shangazi. Mama alirudia neno moja asubuhi na jioni: "Ile nyumba ni ya batoto."

Siku ya kwanza hakimu alitueleza kwamba jina la Kiislamu peke yake halitoshi kuiingiza sheria ya dini mahakamani. Atataka kwanza kujua marehemu aliishi vipi. Ikionekana hakuishi Kiislamu, itatumika sheria ya nchi, ambayo haimuulizi mjane anasali wapi. Nilibaki mdomo wazi. Serikali nzima, na muhuri wake na picha ya rais ukutani, imekaa kitako kuuliza jinsi fundi wa injini wa Ujiji alivyokula na kulala!

Halafu nikakumbuka Ramadhani.

Kila mwezi wa Ramadhani, mchana baba alikula ugali wake wa muhogo na samaki wa mgebuka aliyeungwa kwa mawese kama kawaida. Magharibi ikikaribia alisukutua, akajinyoosha mkekani, akavaa sura ya njaa. Mama alifungua madirisha yote ili harufu ya mawese itoke. Shangazi aliingia na hotpoti ya tambi na maharage ya nazi, na baba akaipokea kwa mikono miwili: "Ahsante dada, leo jua lilikuwa kali." Sisi watoto tulikimbilia uani kucheka. Miaka yote hiyo tulimdanganya shangazi, na sasa uongo wetu ulikuwa unampa yeye ushahidi. Angesema tu kwamba alimfuturisha mdogo wake kila mwaka. Nani angemsadiki mama, au sisi tunaoitaka nyumba?

Zamu yake ilipofika, shangazi alishika msahafu akaapa. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea.

"Mama, marehemu alikuwa anafunga Ramadhani?" hakimu akamuuliza.

Nilimwona shangazi anauminya ule msahafu kifuani.

"Hakufunga, mheshimiwa. Tangu aoe, hata siku moja."

"Umejuaje?"

"Mawese yananuka, mheshimiwa. Hata ukifungua madirisha."

Watu wakacheka. Mimi nilihisi uso unawaka. Mama alijifunika kanga mdomoni.

"Sasa kama ulijua," hakimu akasema, na hata yeye aliweka kalamu chini, "futari ulikuwa unampelekea ya nini?"

"Ni mdogo wangu. Nilikuwa namwombea arudi. Nikataka siku akirudi, akute sahani ipo."

Hakuna aliyecheka tena. Nimekulia kando ya ziwa hili na nimeliona likichafuka mpaka boti za kwenda Kagunga zinashindwa kuondoka, lakini sijawahi kujiona mdogo kama nilivyojiona kwenye benchi lile. Neno moja tu, "alifunga", na nyumba ingekuwa yake. Sheria ya dini ilizuiwa mlangoni na mwanamke aliyeitaka kuliko wote mle ndani, kwa sababu dini hiyohiyo ilimkataza kusema uongo.

Hakimu aliamua kwamba sheria ya nchi ndiyo itakayotumika. Nyumba ikabaki kwetu. Nje ya mahakama nilipiga magoti nikamwamkia shangazi. Akaitika "marahaba" kama vile sikuwahi kuacha, akaniuliza mama yangu ana nauli.

Ramadhani iliyofuata nilidhani hatakuja. Siku ya kwanza, magharibi ikikaribia, nilimwona anavuka barabara na hotpoti ileile. Nilikimbilia jikoni kuficha masufuria, mazoea tu. Nikakuta jiko ni baridi, na sufuria la ugali limeegemezwa ukutani, kavu. Mama alikuwa ameketi mkekani tangu adhuhuri, midomo imemkauka kwa saumu, amemwachia wifi yake nafasi.