Mkazo Aliofundisha Mwalimu Mwinshehe

Mwalimu Mwinshehe wa Chanzuru alijifunza Kiingereza vitabuni, bila mtu wa kumsikia akikitamka. Maneno marefu aliyakata silabi ubaoni, kisha akaweka mkazo pale tunapouweka katika Kiswahili, silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa "democratic" na "economic" alipatia, hivyo hakushuku kitu. "Comfortable" aliikazia kwenye "ta", "responsible" kwenye "si", na darasa zima likaitikia hivyo hivyo kwa miaka sita.

Mwaka 1964 mwanafunzi wake hodari kuliko wote, Teresia, aliitwa Morogoro kwenye usaili wa chuo cha ualimu. Aliporudi alipitia kwanza kwa mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ilikuwaje?"

"Walinipa ukurasa nisome kwa sauti. Nilipofika kwenye 'irresponsible' mmoja akacheka, akaniambia nirudie. Nikarudia kama ulivyotufundisha, wakacheka wote. Wakaniuliza hesabu, sikuweza hata kufungua mdomo."

Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma mwalimu zaidi.

Kesho yake Mwinshehe alikwenda kwa miguu hadi Kilosa mjini, kwa mwalimu Ida, aliyesomeshwa na Waingereza. Ida alimsomea maneno taratibu, moja moja. "Responsible" inakaziwa kwenye "spon". Ukitanguliza "ir", mkazo haubanduki. "Comfort" inakaziwa mwanzo, na mkia "able" unauacha hapo hapo. Mkia "ic" ndio unaouvuta hadi silabi inayoutangulia.

"Basi nimewapotosha wote," alisema Mwinshehe.

"Hukuwa na wa kumuuliza."

"Nilikuwa naye. Wewe uko hapa mwaka wa nne. Niliona aibu."

Jumatatu aliwaeleza wanafunzi kwamba aliwafundisha vibaya, akaanza upya. Aliandika barua mbili chuoni kuomba Teresia aitwe tena. Hazikujibiwa.

Teresia akalima pamba na baba yake. Baadaye, kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa upande wa Kisanga, alichaguliwa kufundisha kisomo cha watu wazima, kwa Kiswahili. Mwinshehe alimtembelea mwaka 1971, akamkuta akiwasomesha akina mama. Teresia alimwamkia kwa heshima, akampa kiti.

"Unafundisha vizuri," mwalimu alisema.

"Nafundisha ninachokijua."

Alisema hivyo bila chuki, akarudi kwenye ubao wake. Mwinshehe hakujua kama neno lile lilimlenga yeye. Hakuthubutu kumuuliza.