Bingwa wa Kulala wa Yeoville

Ifahamike kwa wote kwamba mlinzi wa usiku akirudi nyumbani asubuhi, akala, akalala masaa manane, moyo wake umepumzika sawasawa na wa mtu aliyelala usiku. Hivyo ndivyo kampuni ilivyotangaza mwaka 2017, kwa karatasi yenye muhuri, iliyobandikwa katika kibanda cha walinzi kwenye jengo moja la mtaa wa Observatory.

Ruphin, mlinzi wa usiku wa kibanda hicho, aliafiki kila neno. Yeye alikuwa bingwa. Kule mtaani kwake Yeoville, katika nyumba ya familia tatu zilizotenganishwa na mapazia, akikoroma hata sufuria za jirani zilitetemeka, na nyumba nzima ililihesabu hilo kuwa ni afya.

Tatizo lilikuwa presha. Vidonge vya aina tatu, wala haikushuka, na ukuta wa moyo ulikuwa umeanza kunenepa. Sonia, nesi wa kliniki, akamweleza: usingizi una hatua zake, katika ule mzito moyo hupunguza mwendo, presha ikashuka. Asiyefika huko, moyo wake haupati likizo. Akamkabidhi kifaa cha kupimia usingizi, cha kuvaa akilala, chenye nyaya za kichwani, kifuani na kidoleni.

Ruphin alirudi nacho mbio kama aliyeitwa timu ya taifa.

"Mama Gradi! Leo ninapimwa!"

"Kula kwanza, Papa Gradi," alisema Brigitte, mkewe.

"Eish, kaka, mashine itashika moto," alidakia Lambert, kinyozi wa pazia la pili. "Ukishindwa, uhame Yeoville."

"Nishindwe kulala? Mimi?"

Jambo ambalo Sonia hakulijua ni kwamba kwa kina Ruphin anayepimwa ni mgonjwa, na mgonjwa haachwi peke yake. Saa tatu asubuhi, Ruphin akiwa amekwisha fungwa nyaya, akina mama sita wa kanisani waliingia, wakazunguka kitanda na kuimba kwa sauti ya chini, yaani chini kwa kipimo cha kanisa lao. Kufikia wimbo wa tatu, bingwa alikuwa akikoroma.

"Sikia hiyo!" alinong'ona mmoja wao, Mama Falonne. "Hiyo ni usingizi ya kweli."

Kila pumzi ilipokatika waliinua macho. Iliporudi kwa kishindo, wakasema amina. Saa kumi na moja jioni walimwamsha kwa vigelegele.

Jumatatu Sonia alisoma majibu. Pumzi ilikatika mara thelathini na nane kwa saa, na kila mara ubongo uliamka kuitafuta, mwenyewe asijue.

"Si zile nyimbo za akina mama, dada?" aliuliza Ruphin.

"Nyimbo hazionekani hapa, baba. Linaloonekana ni koo lako kuziba. Utapewa mashine ya kukusaidia kupumua."

"Lakini usingizi mzito, nilifika au sikufika?"

"Ulifika."

Ruphin aliruka kitini, akapiga makofi, akaomba aandikiwe, akamwonyeshe Lambert. Sonia akaandika kwa kalamu, akagonga muhuri: usingizi mzito, dakika kumi na moja, katika masaa manane.