Bidoni ya Njano Chini ya Kasha

Mwaka wa mwisho wa masomo, wenzangu walichagua kuandika juu ya paneli za jua na maporomoko ya mito. Mimi nilichagua mawimbi. Nilikuwa nimesoma kwamba nchi za baharini zinajaribu kuyageuza kuwa umeme, na mtaani kwetu Kasha umeme ulikuwa ukikatika kabla maharagwe hayajaiva. Bahari sijawahi kuiona. Nilitaka kujua kama Ziwa Kivu lingeweza kuwasha walau taa za gati moja kule kisiwani Idjwi.

Hiyo ndiyo sababu niliyoiandika. Nyingine sikuiandika: kaka yangu mkubwa alizama akitoka Idjwi, na mwili wake haukupatikana. Tangu hapo nyumbani hatuli samaki wa ziwa. Jirani akileta sambaza, wale dagaa wa ziwani, mezani, mama huinuka polepole na kwenda nje. Hakuna anayemuuliza kwa nini.

Kifaa changu kilikuwa bidoni tupu ya njano, dumu la plastiki, iliyofungwa kwa kamba kwenye mti niliouchomeka majini na kuuchorea alama za kupimia. Bidoni ikipanda, nasoma alama. Ikitulia, nahangaika: labda kamba imekaza, labda ghuba hii haifai, labda mawimbi yanasubiri niondoke.

Wanawake waliokuwa wakifua pale walinicheka.

"Injinia, bidoni yako ilisha zaa umeme? Nilete telefone?"

"Muache kwanza ipate mimba!" mwenzake akadakia.

Mama hakucheka. Kutoka uani kwetu, juu ya mteremko, aliona kitu cha njano kikiinuka na kushuka. Wanaovuka kwenda Idjwi hubeba bidoni tupu kama ile, ya kushikilia mtumbwi ukipinduka. Kaka naye alibeba yake.

"We mutoto, toa ile kitu mu maji," aliniambia akichambua sombe, majani ya muhogo. "Kila nikiinua macho, naona kichwa."

"Nivumilie kidogo, maman. Iko inapima nguvu ya mawimbi."

Mikono yake ikasimama juu ya majani. "Sasa, iko na nguvu?"

"Ningali napima."

Jibu nilikuwa nalo tayari. Ziwa letu limebanwa na milima. Upepo haupati nafasi ndefu ya kuyakuza mawimbi. Asubuhi nyingi maji hayakutikisika. Nilirudia hesabu mpaka nikaona tarakimu nikifumba macho, na kila mara zilisema mawimbi ni madogo mno. Lakini ningemwambiaje mama hivyo? Kama ni madogo, mwanawe aliuawa na nini? Angeanza kufikiri kwamba alilegea, kwamba hakupigana.

Kisha alasiri moja upepo ukashuka na mvua. Tulisimama mlangoni, mama amenishika mkono wa shati, tukaona maji meupe yakipanda juu ya mawe ya kufulia. Yalipotulia, mti ulikuwa umelala na kamba imekatika. Bidoni haikuwapo.

Tukiwa mezani, aliniuliza tena. "Utaandika nini?"

"Kwamba haifai. Mawimbi ni ya kidogo, maman."

"Hata ya leo?"

"Ya leo ilikuwa kubwa. Lakini umeme inataka mawimbi ya kila siku. Siku moja haitoshi."

Akalikandakanda tonge la ugali bila kulila. "Kwa yaya yako ilitosha," akasema, akimaanisha kaka.

Siku ya kutetea kazi yangu mama alikaa safu ya nyuma. Nilisema kwamba mawimbi ya Kivu hayawezi kutupa umeme wa kutegemewa, na ni kweli. Kisha nikaongeza kwamba kuna siku yanakuwa makubwa, makubwa kuliko nguvu za mtu. Mwalimu mmoja akauliza jambo hilo linasaidia nini katika hesabu. Nilisema halisaidii kitu. Mama aliinamisha kichwa, akafunga vizuri kitambaa chake.

Bidoni haijaonekana. Nikiwa uani hulitazama ziwa nikitafuta rangi ya njano, na nimegundua kwamba mama naye, kando yangu, siku hizi anatafuta.