Nilivyomshtaki Baba kwa Mifupa ya Mama

Mtu anavunjikaje mfupa wa paja kwa kuinuka tu kwenye kigoda? Sista wa wodi aliniuliza hivyo, kalamu mkononi, na mimi niliyezoea kuwabishia hata wahadhiri nikamwambia sijui. Mama alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kabla ya paja alikuwa ameshavunjika mkono, na kabla ya mkono ubavu, akikohoa.

Tulikuwa tumemtoa Migori tukamleta hospitalini Homa Bay. Mguu ulifungwa kamba, mfuko wa mchanga ukaning'inizwa upande wa pili kuuvuta, na daktari akasema akae hivyo wiki kumi. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa baada ya mgomo, basi hakuna aliyeuliza nani abaki naye. Nilimwogesha, nikamwaga choo chake, nikamsongea ugali nyuma ya wodi. Ziwa lilionekana dirishani. Kufikia wiki ya tatu sikutaka hata kulitazama.

"Huko nyumbani anapigwa?" sista alininong'oneza siku moja.

Nilimuuliza Mama. Akasema hapana. Nilikuwa nimesoma kwamba wanaopigwa hukana, kwa hiyo hapana yake nikaifanya ushahidi. Kila siku nilimuuliza kwa njia nyingine.

"Msomi," akasema muuza samaki wa kisiwa cha Mfangano aliyelala kitanda cha pili, "unamchambua mama yako kama dagaa wa omena. Utapata mchanga tu."

Wiki ya tano Baba alikuja na kibuyu cha maziwa. Nilimzuia verandani.

"Baba, unampiga Mama?"

Alikiweka kibuyu chini polepole. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Mifupa haivunjiki yenyewe."

"Ya huyu inavunjika. Hajawa mzima tangu akuzae, nyathina, mwanangu. Damu ilimtoka mpaka tukatupa godoro. Maziwa hayakuja hata tone, na hakushika mimba nyingine. Anasikia baridi saa saba mchana."

Nikaona mwanamume anayekisingizia kichanga. Nilikwenda kwa sista nikamwambia nina uhakika, naye akamkataza Baba kuingia wodini.

Baba hakuacha kuja. Kila Jumapili alikaa kwenye nyasi za nje, kofia gotini, mpaka saa za kutazama wagonjwa ziishe. Mama, kwa ule mguu, hakuweza kugeuka aone.

"Baba yako hajaja?"

"Hajaja."

"Labda ng'ombe wanamsumbua."

Muuza samaki alinitazama, akajifunika shuka usoni.

Mama aliuliza hivyo Jumapili tano. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani, chuo kilikuwa kimefunguliwa. Niliondoka bila kumuaga Baba, na kwa miaka yote aliyobaki nayo tulisalimiana kama majirani.

Baba alikuwa ameshazikwa wakati daktari mwingine, akiwa na majibu ya damu ya Mama mezani, aliponieleza: mwanamke akivuja damu nyingi mno wakati wa kujifungua, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inaweza kufa, na homoni ya ukuaji inayotoka humo si ya watoto peke yao, kwani mtu mzima akiikosa, pamoja na nyingine za tezi hiyo, mifupa yake hudhoofika na kuvunjika bila kuguswa na mtu.